Kabla ya kumtafuta mchawi, itafute siku hofu ilipoanza

Mtoto akichelewa kurudi kisimani, mama hutetemeka. Moyo humwenda mbio, jasho humtoka, na mtoto akitokea tu, fimbo hutangulia kabla ya swali. Baadaye mama hulia peke yake jikoni, akijiuliza hasira ile imetoka wapi.

Katika familia nyingi za Tabora na Unyamwezi kwa jumla, swali kama hilo hupelekwa kwa mganga. Mpiga ramli naye mara nyingi hujibu kwa kutaja mtu: jirani, mke mwenza, au mama mkwe mwenye macho mekundu. Majibu ya namna hiyo yameleta misiba. Mikoa ya Tabora, Shinyanga na Mwanza imezika vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, ilhali wekundu wa macho yao ulitokana na miaka mingi ya moshi wa kuni na samadi jikoni.

Ipo njia nyingine ya kutafuta chanzo, ambayo haimtafuti mtu bali tukio. Ni tiba ya kugongagonga mwili kwa ncha za vidole. Ilitokana na mwanasaikolojia wa Marekani, Roger Callahan, na katika miaka ya 1990 mhandisi Gary Craig akairahisisha ili mtu aweze kujifanyia nyumbani.

Anayesumbuliwa huitaja hisia yake na kuipa namba: 0 ni utulivu, 10 ni hofu isiyovumilika. Hugonga taratibu ubavu wa kiganja huku akisema, "Ingawa nina hofu hii, najikubali." Kisha hugonga mara chache mwanzo wa nyusi, pembeni na chini ya jicho, chini ya pua, kidevuni, chini ya mtulinga na chini ya kwapa, akiendelea kuitaja hisia hiyo. Mwishoni hupima tena.

Wengi hukwama hapo. Namba hushuka kutoka 9 hadi 6, na kesho yake hurudi palepale. Craig alilifananisha tatizo na meza: uso wake ni hasira inayoonekana, miguu yake ni matukio ya zamani. Kufuta vumbi juu hakuiangushi meza. Lazima miguu ikatwe, mmoja baada ya mwingine.

Ndipo maswali huulizwa kwa upole. Hali hii ilianza lini? Mwili unaisikia wapi, kifuani au tumboni? Inakumbusha nini? Mama wa mfano huu huenda akakumbuka kwamba akiwa na miaka 9 aliachiwa mdogo wake amwangalie, na mtoto akatumbukia bwawani. Hakuna aliyemlaumu, lakini hakuna pia aliyekaa naye wakaongea. Kumbe fimbo ya leo inampiga yule msichana wa bwawani. Sasa anachogongea si hasira tena, bali sauti ya maji, vilio vya msibani na ule ukimya uliofuata.

Jirani zetu wa Rwanda wameijaribu tiba ya Callahan. Mwaka 2006, Caroline Sakai na wenzake waliwatibu vijana yatima 50 walionusurika mauaji ya kimbari ya 1994, na wengi walipata nafuu. Hata hivyo, hapakuwa na kundi la kulinganisha, na wataalamu wengi wana shaka kama sehemu zinazogongwa zina nguvu yoyote. Huenda kinachosaidia ni kulikabili jambo zito mahali salama, mbele ya mtu anayesikiliza.

Kwa hiyo kumbukumbu isilazimishwe, maana akili ikishurutishwa huweza kutunga. Kidonda cha kubakwa, vita au kifo kisichimbuliwe upweke. Na anayekosa usingizi kwa wiki nyingi au kuwaza kujiua apelekwe hospitali. Mjini Tabora ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete.

Mama akishalitambua bwawa lake, amebakiwa na deni moja: kumwita mwanawe, kumwomba msamaha na kumweleza kwa nini huogopa anapochelewa. Na bwawa likishatajwa, hakuna bibi wa macho mekundu atakayegongewa mlango usiku.