Kwaresma na sindano ya insulini

Wapo wagonjwa wa kisukari ambao Jumatano ya Majivu huona kula ni kumkosea Mungu. Lakini mgonjwa akichoma insulini kisha asile, sukari hushuka. Akiacha sindano, hupanda. Vyote viwili vinaweza kuua.

Sheria ya Kanisa Katoliki yenyewe haiwadai hivyo. Kufunga kunawahusu wenye miaka 18 hadi 59, na mgonjwa husamehewa. Anayenyonyesha naye ale, bila kuona aibu. Yesu alimponya mwanamke aliyepinda mgongo siku ya Sabato, na mkuu wa sinagogi, mtu wa sheria, akakasirika.

Mtoto wa miaka 9 akitaka kufunga kama baba, asigombezwe. Apewe chakula chake, aache soda, na hela hiyo ampelekee mwenye njaa.