Watazamaji wa Nyota na Wanaowacheka

Katika miji ya Afrika ya Mashariki wako watu wachache ambao, usiku usio na mawingu, huacha starehe za nyumbani wakaenda mahali penye giza kutazama mbingu. Wamo walimu, mafundi, makarani na wanafunzi. Hawalipwi mshahara kwa kazi hiyo wala hawaamrishwi na mtu. Darubini moja hutumiwa na watu wengi, na kila mmoja hungoja zamu yake kwa subira. Watu hao huchekwa. Mpita njia huwauliza wamepoteza nini huko juu, na kicheko chake husameheka kwa kuwa hakufundishwa. Kicheko kisichosameheka ni cha msomi na cha mwenye madaraka, asemaye kwa sauti ya hekima kwamba utafiti wa anga ni kazi ya serikali na mabingwa, na kwamba vyama vya ridhaa ni mchezo wa wasio na shughuli. Kauli hiyo yastahili kujibiwa, maana imekwisha kuwa msingi wa mipango, na mpango uliojengwa juu ya kosa haukosi kuzaa hasara.

Hoja ya kwanza ya wenye kucheka ni kwamba mtu asiye bingwa hawezi kuongeza kitu katika elimu ya falaki. Historia ya safari za anga huikanusha hoja hii tangu siku yake ya kwanza. Urusi ya Kisovieti iliporusha Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957, kamera kubwa ambazo Wamarekani walikusudia kufuatia setilaiti zilikuwa hazijawa tayari. Kwa bahati njema Fred Whipple, mkuu wa kituo cha falaki cha Smithsonian, alikuwa amekwisha kuanzisha vikosi vya watu wa kujitolea vilivyoitwa Moonwatch. Raia wa kawaida, vijana kwa wazee, walikaa safu moja kabla ya mapambazuko na baada ya magharibi, kila mmoja na darubini yake ndogo, wakaandika dakika na nukta ya kupita kwa chombo. Kazi hiyo haikukoma mpaka mwaka 1975. Basi enzi ya setilaiti ilipozaliwa, watu wa ridhaa walikuwa miongoni mwa wakunga wake.

Wala hayo hayakuishia zamani. Tarehe 20 Septemba 2016 fundi makufuli wa mji wa Rosario, nchini Argentina, jina lake Víctor Buso, alikuwa akijaribu kamera mpya katika darubini yake. Katika picha alizopiga likatokea doa la nuru ambalo halikuwapo muda mfupi kabla. Alikuwa ameinasa nyota mwanzoni kabisa mwa kulipuka kwake, jambo ambalo mabingwa walikuwa wamelitamani kwa miaka mingi. Tarehe 30 Agosti 2019 Gennadiy Borisov, kwa darubini aliyoiunda kwa mikono yake yenye kioo cha sentimita 65, aligundua nyota ya mkia iliyotoka nje kabisa ya milki ya jua letu. Ilikuwa mara ya pili tu kwa wanadamu kukitambua kitu cha asili hiyo. Je, huo nao ni mchezo?

Atakayesema kuwa hizo ni habari za ng'ambo na ajibiwe kwa habari ya nyumbani. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Septemba 2022, saa 8 na dakika 14 kwa saa za Afrika ya Mashariki, chombo cha Marekani kiitwacho DART kiligonga kwa makusudi jabali la angani liitwalo Dimorphos, lenye upana wa mita kama 160, umbali wa kilomita milioni 11 kutoka duniani. Ilitakiwa kujulikana kama binadamu aweza kulisukuma jabali la namna hiyo kabla halijaiangukia dunia. Jaribio lilifaulu: muda ambao Dimorphos hutumia kulizunguka jabali mwenzake ulipungua kwa zaidi ya nusu saa. Saa ya pigo lenyewe, pande za Afrika na Bahari ya Hindi zilikuwa mahali pema pa kutazamia. Watu wa ridhaa wa kisiwa cha Réunion na wa Kenya walikuwa macho, na darubini ndogo za kubebeka ambazo kioo chake ni kiasi cha sentimita 11 tu. Waliliona wingu la vumbi likitimka, wakalipima, na vipimo vyao vikaingia katika makala iliyochapwa na jarida la Nature mwaka 2023. Usiku ule mwenye kucheka alikuwa amelala.

Hoja ya pili ni ya mashine. Husemwa kwamba hata kama watu wa ridhaa walifaa jana, kesho hawatahitajiwa. Hoja hii ina uzito kuliko ya kwanza. Kituo cha Vera C. Rubin, kilichoko juu ya mlima Cerro Pachón nchini Chile, kilitoa picha zake za kwanza Juni 2025. Kioo chake kina upana wa mita 8.4, na kimekusudiwa kupiga picha mbingu za kusini, tena na tena kila baada ya siku chache, kwa muda wa miaka 10. Hapana chama cha ridhaa kitakachoshindana nacho. Lakini mlinzi azungukaye mji mzima hawezi kusimama mlangoni pa nyumba moja usiku kucha. Kituo kile kitaona mabadiliko mengi mno, kitangaze habari, kisha kiendelee na safari yake; atakayebaki kuilinda nyota moja saa baada ya saa ni mwingine. Tena mlima ule uko mahali pamoja tu duniani. Usiku unapoingia Mombasa, huko Chile ni adhuhuri, na tukio la mbinguni halimngoji mtu mpaka kwake kuwe usiku. Mashine kubwa haikufuta haja ya watazamaji waliotapakaa duniani, imeizidisha.

Hoja ya tatu ndiyo ipendwayo kuliko zote, kwa sababu huvaa kanzu ya huruma: nchi maskini ina njaa, na nyota hazijazi tumbo. Wanaoisema wameisahau mila yao wenyewe. Wakulima waliotangulia walilipa kundi moja la nyota jina la Kilimia, kutokana na kulima, kwa kuwa kuzama na kuzuka kwake kuliwaonyesha majira ya mvua na ya jembe. Manahodha wa pwani walivuka bahari kuu usiku wakiongozwa na nyota. Hata leo, mwezi wa Shaabani unapokaribia kwisha, watu husimama ufukoni kuutafuta mwezi mwandamo, wala hapana awaambiaye kwamba wanapoteza wakati. Mababu hao hawakuwa matajiri. Waliitazama mbingu kwa sababu walikuwa na shamba la kulima na chombo cha kufikisha bandarini. Na leo mkulima angojaye habari ya mvua, na mvuvi aongozwaye na simu yake kurudi nchi kavu, wote wawili wanakula matunda ya utafiti wa anga, wajue wasijue.

Lakini hasara kubwa ya dharau hii yaonekana katika bahari ya Malindi. Hapo, karibu na Ngomeni, Waitalia walisimamisha jukwaa la San Marco, na kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka majini. Mojawapo ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuzichungua nyota kwa miali ya eksirei tu. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miali hiyo, na Riccardo Giacconi, aliyeiongoza elimu hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Jina lilikuwa la Kiswahili, bahari ilikuwa ya Kenya, na elimu ilikwenda ng'ambo. Hapana aliyeiiba. Iliondoka kwa sababu ufukoni hapakuwa na umma wa kuipokea: hapakuwa na mazoea ya shuleni ya kuuliza chombo kile kinatafuta nini. Kenya ilipopata setilaiti yake Taifa-1, tarehe 15 Aprili 2023, ilirushwa kutoka California kwa roketi ya Kimarekani. Wahandisi wake Wakenya wastahili sifa. Lakini nchi iliyokuwa na jukwaa mlangoni pake ilibidi iende kuomba nafasi katika roketi ya jirani wa mbali. Mwenye kiwanja asiyejua kujenga hubaki kupokea kodi.

Hilo ndilo wapangaji wa leo wasilotaka kulisikia. Setilaiti yaweza kununuliwa kwa mwaka mmoja; watu wa kuielewa hawanunuliwi. Huanza kukua siku mtoto anapoziona kwa jicho lake pete za Zohali, akakataa kulala kabla hajaambiwa zimesimamaje. Wanaompa mtoto siku hiyo ni watu wa ridhaa, kama Susan Murabana na wenzake nchini Kenya, ambao wamekuwa wakichukua darubini mpaka shuleni.

Haki yataka vyama vyenyewe navyo viambiwe kweli. Vingi vimekaa mjini, ambako taa zimezifuta nyota, huku vijijini kuna giza bora lisilo na darubini. Vingi husema Kiingereza tu, kana kwamba Zuhura na Mushtarii hazikupata majina kabla ya kuja kwa shule. Vingine huamka siku ya tamasha tu. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa likawa mfano wa pete, umati wa watu ulimiminika Rujewa, katika mkoa wa Mbeya. Siku iliyofuata watu walikuwa wamekwenda zao. Chama kisichoandika kilichoona hakikuona kitu. Daftari lenye tarehe, saa na mahali, likipelekwa palipo na hazina ya vipimo vya dunia, ndilo linalotenganisha utafiti na mandari.

Hapahitajiwi fedha za kutisha. Yahitajiwa darubini ndogo moja katika kila wilaya, mwalimu mmoja aliyefunzwa kuitumia, kitabu cha falaki kwa Kiswahili safi, na serikali isiyoona haya kuketi na watu wa ridhaa inapopanga mambo ya anga. Muda nao haupo mwingi. Tarehe 13 Aprili 2029 jabali liitwalo Apophis, lenye upana wa zaidi ya mita 300, litapita kilomita kama 32,000 tu juu ya uso wa dunia, chini kuliko baadhi ya setilaiti. Halitaigonga dunia. Katika Afrika litaonekana kwa macho matupu, mawingu ya masika yakiruhusu, likitembea polepole kama nyota iliyoacha safu yake. Mamilioni watatoka nje, na wengi wataogopa. Mtoto atamshika baba yake mkono amwulize ni nini kile. Msomi aliyewacheka watazamaji wa nyota naye atakuwa uani na mwanawe, na itambidi ajibu.