Kaa wa mtoni hana mabawa

Aprili 1994 zaidi ya wakimbizi 200,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja tu. Miti ikafyekwa kwa kuni na nguzo hadi vilima vikabaki vipara. Hatuwalaumu wakimbizi, maharage hayaivi kwa huruma. Wanyarwanda wengi walirejea kwao Desemba 1996, wakimbizi Warundi wakabaki katika kambi ya Lukole hadi nayo ikafungwa. Vichaka vimechipua, basi tunaambiwa ardhi imepona.

Tuinamie kijito kwanza. Geuza jiwe. Kwenye maji mazima utakuta vijidudu bapa vyenye mikia mitatu vimejibana chini yake, na pengine kaa akikimbilia mzizi. Kwenye maji yaliyojaa udongo wa mmomonyoko, jiwe limezama topeni na chini yake kuna viminyoo vyekundu tu.

Miti ikirudi, mbona kaa na vijidudu vya mikia mitatu hawarudi? Kwa sababu njia imekatwa. Kaa wetu wa mtoni haachii viluwiluwi majini kama ndugu zake wa baharini; huwabeba watoto chini ya tumbo, na hufika kwingine kwa miguu yake. Akikuta kalavati linaning'inia juu ya maji, au mita mia kadhaa za ukingo uliolimwa bila kivuli, safari inaweza kuishia hapo. Vile vijidudu vya mikia mitatu navyo, vikishaota mabawa, huishi saa chache au siku chache tu, na haviruki mbali. Kipande kimoja cha kijito kinaweza kuwa safi kabisa na bado kikakosa wa kuhamia.

Konokono wa kichocho hawana shida hiyo. Maji yaliyotuama juani ndiyo wanayoyataka.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kipimo cha afya ya mito kwa kuangalia wadudu wake, TARISS, kimetengenezwa kwa ajili ya mito yetu wenyewe. Kinahitaji wavu, beseni na mtu aliyefunzwa. Halmashauri za Ngara na Biharamulo, pamoja na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, zianze na vijito vya Lukole: ziunganishe kingo zenye kivuli kijito hadi kijito, na zishushe makalavati yakae usawa wa maji. Kupanda miti vilimani peke yake hakutoshi.