Mkopeshaji Asimame Nje



Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, yamruhusu mkopeshaji kudai rehani, lakini yamkataza kuingia nyumbani mwa mdaiwa kuitwaa. Asimame nje. Wala asitwae jiwe la kusagia, maana ndilo uhai wa mtu.

Je, sisi tulitendewaje? Mwaka 1986 Tanzania ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Ili fedha zitolewe, shilingi ilishushwa thamani na matumizi ya serikali yakabanwa. Mwaka 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Mwaka 2003 maji ya Dar es Salaam yakakabidhiwa kampuni binafsi, sharti lililoambatana na mikopo ya nje. Mwaka 2005 serikali ikauvunja mkataba. Kampuni ikaondoka, deni likabaki letu.

Hatukatai kila sharti. Anayekopesha ana haki kujua fedha zitatumikaje, na sharti linalozuia wizi twaliunga mkono. Tunalokataa ni mkopeshaji kuingia jikoni na kuamua nani anywe maji, nani atibiwe. Hilo ndilo jiwe la kusagia.

Wala tusiwalaumu wageni peke yao. Waliotia sahihi ni viongozi wetu. Kwa hiyo twadai masharti ya kila mkopo yatangazwe na kujadiliwa bungeni kabla ya sahihi. Mwulizeni mbunge wenu, katika kila jumuiya ndogondogo: asiyeulizwa wakati wa kukopa, mbona huitwa wakati wa kulipa?