Kona moja ya kulia yatukwamisha sote

Umetoka kijiji cha Raila kwa miguu hadi Olympic, ukapanda matatu. Ni saa kumi na mbili asubuhi na kibarua chako Industrial Area kinaanza saa moja. Hapo Kibera Drive, gari dogo limesimama mbele likingoja kukata kulia. Honi zinalia. Dereva wenu anachoka kungoja, anaruka foleni na kuingia upande wa wanaokuja. Nawe moyoni unasema, "Huyu dere ni noma!"

Hapo ndipo tunapojikwamisha wenyewe.

Kenya tunaendesha upande wa kushoto, kwa hivyo anayekata kulia lazima avuke njia ya magari yanayotoka mbele. Anahitaji nafasi ndogo tu. Lakini mkiovalap, mnakutana uso kwa uso na wanaokuja, na nafasi ile ile aliyokuwa akiingoja inazibika. Sasa hakuna wa kwenda mbele wala wa kurudi nyuma. Ambulensi ikija, itapita wapi? Na msee wa nduthi anayempita kwa kulia mtu anayekata kulia anacheza na maisha yake na ya abiria.

Naivasha Road, pale Kawangware, shida ni hiyo hiyo. Matatu ikipakia mdomoni mwa njia ya pembeni, anayekata kona hana pa kuingilia.

Kupiga marufuku tu hakutoshi. Mwaka 2015, kaunti chini ya Gavana Evans Kidero iliweka mapipa kwenye raundabauti za Uhuru Highway kuzuia magari kukata kulia. Madereva walilazimika kwenda mbali kutafuta pa kugeuzia, na malalamiko yakajaa. Barabara zetu za mtaa ni nyembamba zaidi. KURA na kaunti wapanue makutano, wachore nafasi ya kungojea katikati, na wasogeze stegi mbali na kona.

Hayo yakisubiriwa, wewe unayo sauti leo. Dere akitaka kuruka foleni, mwambie, "Buda, ngoja huyo apite kwanza." Ukishika usukani, mwashie taa anayekata kulia, avuke. Ukiwa kwenye nduthi, mpite kwa kushoto au utulie nyuma yake.

Gari moja likivuka, foleni nzima inatembea. Nawe utafika kazini kabla geti halijafungwa.