Acheni Moto wa Manifodi Mahali Pake

Anayewashauri wanaofufua Land Rover za zamani waweke bamba la kuzuia joto kati ya manifodi ya kabureta na ya ekzosi, kwa kuwa eti Kenya ni nchi ya joto, nadhani hajawahi kuwasha gari alfajiri ya Julai kule Timau.

Katika injini ya petroli ya lita 2.25, manifodi hizo mbili zimefungwa pamoja kwa makusudi. Petroli inapogeuka mvuke hunyonya joto, na hewa ndani ya kabureta hupoa kwa nyuzi nyingi. Katika ukungu wa Mlima Kenya, barafu inaweza kuganda kwenye koo la kabureta hata nje pakiwa na nyuzi 8. Manifodi ikiwa baridi, petroli hubaki matone, silinda hazigawani sawa, injini inakohoa na dereva anavuta choki hadi tangi likauke.

Ndiyo, ukishuka kutoka Embu hadi Ishiara mchana, petroli huweza kuchemka kwenye pampu. Basi sogeza bomba la mafuta mbali na ekzosi, ukague na taimingi. Plagi ikichelewa kuwasha, ekzosi huiva.

Na gasketi ya manifodi ikiungua, mara nyingi kosa ni la ufungaji. Fundi hukaza kwanza boliti zinazounganisha manifodi, kisha huzilazimisha manifodi zilalie kichwa cha silinda. Legeza boliti hizo, kaza manifodi kichwani, ndipo urudi kwenye hizo. Gasketi ya shilingi chache haitaungua ovyo, na bamba halitahitajika.