Setilaiti haioni joto la ndani ya mabati

Joto la mjini huua bila kelele. Likizidi, mwili hushindwa kujipoza na moyo hulemewa. Wanaoumia kwanza ni wazee, watoto wachanga na akina mama waja wazito. Mjini Chicago, Marekani, zaidi ya watu 700 walikufa kwa joto la siku chache mwezi Julai 1995. Kwa hivyo ni muhimu tujue ni mitaa ipi ya Nairobi inayochomeka zaidi.

Njia mojawapo ni setilaiti. Landsat 8, iliyorushwa angani mwaka wa 2013, hupima miali ya joto itokayo ardhini, ambayo macho ya binadamu hayaioni. Wataalamu huigeuza kuwa nyuzi za joto na kuchora ramani. Picha zake hutolewa bure. Msitu kama Karura huonekana baridi, na mitaa ya lami na saruji isiyo na miti huonekana moto.

Kaunti yafaa izitumie ramani hizo. Lakini ole wetu zikichukuliwa kama kipimajoto cha hospitali!

Kwanza, setilaiti hupima joto la paa na la lami, wala si la hewa iliyo chumbani. Pili, Landsat 8 hupita Nairobi mara moja kila siku 16, kati ya saa nne na saa tano asubuhi, ilhali joto kali huja alasiri. Mawingu yakitanda, haioni ardhi.

La tatu ndilo zito zaidi. Mabati mapya yanayong'aa hutoa miali michache ya joto hata yakiwa moto wa kuunguza mkono. Hesabu zisiporekebishwa, ramani huyaonyesha kuwa baridi kuliko yalivyo. Basi mtaa wa mabanda waweza kuachwa nje ya orodha ya wanaohitaji msaada, na huku watoto wanaokwa humo.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Watafiti walioweka vipimajoto Kibera, Mathare na Mukuru mwaka wa 2015 na 2016 walikuta joto la huko likizidi kwa nyuzi kadhaa lile la kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti.

Kaunti haina budi kuweka vipimajoto katika zahanati, shule na nyumba chache za kila mtaa wa mabanda, kisha ilinganishe na ramani. Hapo ndipo itajua pa kupanda miti, pa kuweka maji na paa zipi zipakwe rangi nyeupe.

Nawe msomaji, ukimwona mzee au mtoto ana kizunguzungu, anatapika au anachanganyikiwa siku ya joto, mtoe nje kivulini, mloweshe maji, umpepee na umkimbize hospitali. Usingoje ramani.